Kwa Msaada wa Nani

Sentensi iliyotuletea kesi niliiandika mimi mwenyewe, Jumatano moja saa nane mchana, nikiwa sijala. Nalisema hilo mapema kwa sababu Mwalimu Apolinari, ambaye jina lake liko juu ya langu kwenye waraka ule, amelaumiwa vya kutosha na watu wasiojua kwamba yeye alikuwa haitaki tangu mwanzo.

Jina langu Wahiba. Wakati huo nilikuwa na mwaka wa pili kazini, mhadhiri msaidizi wa kompyuta katika chuo kimoja cha binafsi kule Chang'ombe. Jengo letu lilikuwa kiwanda cha magodoro kabla halijawa chuo, na mpaka leo ukigonga dari ya maabara kwa mpini wa ufagio linadondoka vumbi la sponji. Ukuta wa nyuma tumepakana na karakana ya kuchomelea mageti. Mafundi wakiwasha mashine yao, taa zetu hufifia, na kompyuta mbili tatu hujizima na kujiwasha zenyewe. Tulishazoea.

Kisha ikaja barua. Wakaguzi wa ubora wa vyuo walitaka kila somo liwe na viwango vya umahiri vilivyofafanuliwa. Haikutosha tena kusema mwanafunzi kapata sabini. Ilibidi ueleze mwenye sabini anaweza kufanya kitu gani ambacho mwenye hamsini hawezi. Mkaguzi angefika mwisho wa muhula kuona kama viwango vyenyewe vinafuatwa. Mkuu wetu wa idara, Dokta Eliaichi, mama wa makamo kutoka Same asiyevumilia kitu kichelewe hata dakika mbili, akatugawia masomo kwenye kikao. Somo la Utangulizi wa Programu likaangukia kwa Mwalimu Apolinari na mimi.

Mwalimu Apolinari amelifundisha somo hilo miaka kumi na tisa. Ni mtu wa Bukoba, mrefu, mfuko wa shati lake haukosi kalamu tatu, na zote zinaandika.

"Viwango ni viwili," aliniambia tulipokaa ofisini kwake. "Kuna anayejua na kuna asiyejua. Andika hivyo, tukanywe chai."

"Wanataka vinne, Mwalimu."

"Basi andika anayejua, asiyejua, anayedhani anajua, na mtoto wa mwenye chuo."

Tulikaa na kazi ile siku tatu. Mwongozo wa wakaguzi ulikuwa na kurasa arobaini, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba neno "kuelewa" lisitumike popote, kwa sababu kuelewa hakuonekani kwa macho. Kila kiwango lazima kitajwe kwa kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukishuhudia. Mwalimu Apolinari alilichukulia sharti hilo kama tusi.

"Mke wangu ananielewa," alisema. "Mwaka wa ishirini na mbili huu. Hilo nalo halipimiki?"

"Anafanya nini kuonyesha kwamba anakuelewa?"

Akafikiri kwa muda. "Ananyamaza."

"Basi kwenye waraka tungeandika kunyamaza."

Akanitazama kama mtu aliyegundua jambo kuhusu ndoa yake ambalo hakuwa na haja ya kulijua.

Nyumbani kwetu Kinondoni hali haikuwa tofauti. Mama yangu, Bi Huda, alinikuta sebuleni nimezungukwa na karatasi, akaokota moja, akaisoma, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu wewe unalipwa kupanga nani hajui na nani hajui kidogo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema alhamdulillahi, riziki ina milango mingi, akaenda jikoni.

Siku ya tatu, basi, Jumatano ile, viwango vikakaa sawa. Kiwango cha kwanza, Anayeanza: anaweza kusoma programu fupi na kusema inafanya nini. Cha pili, Anayejimudu: anaweza kuandika programu ndogo inayofanya kazi, kwa msaada. Cha tatu, Mahiri: anaweza kuandika programu ndogo inayofanya kazi, bila msaada. Cha nne, Mbobezi: anaweza yote hayo, na kuwasaidia wenzake wafikie kiwango cha pili. Wa kwanza angekula sapu, yaani arudie mtihani. Wa pili angepata C, wa tatu B, wa nne A.

Hicho cha nne ndicho nilichokipenda mwenyewe. Nilikisoma kwa sauti mara mbili. Mwalimu Apolinari alikuna kidevu.

"Haya maneno yana mlango," alisema.

"Mlango upi?"

"Sijui. Nauona tu upepo unaingia."

Lakini Dokta Eliaichi alishapiga simu mara mbili, nami nilikuwa na njaa, tukapeleka. Dokta akasaini, akagonga mhuri, akatuma nakala kwa wakaguzi, akaagiza viwango vichapwe kwenye bango kubwa libandikwe mlango wa maabara ili wanafunzi wajue wanachotakiwa kufikia. Wanafunzi walilisoma. Hilo ndilo ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea.

Wiki tano baadaye tukafanya testi ya vitendo. Swali lilikuwa moja: andika programu inayogeuza saa ya Kiswahili kuwa saa ya kimataifa. Mtu akiandika saa saba mchana, kompyuta ijibu kumi na tatu. Akiandika saa sita usiku, ijibu sifuri. Ni swali zuri, kwa sababu mchana hauna shida, unaongeza sita tu, lakini usiku unavuka siku na ukizembea unapata saa ishirini na tisa.

Niligawana kusahihisha na Mwalimu Apolinari. Siku ya pili yake asubuhi nikamkuta mlangoni kwangu na karatasi nane mkononi. Sijawahi kumwona na furaha kiasi kile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Soma mstari wa kumi na moja."

Kwenye programu yoyote unaweza kujiandikia maneno ambayo kompyuta huyaruka, ya kujikumbusha wewe mwenyewe tu. Mstari wa kumi na moja wa karatasi ya kwanza ulisema: *mie Muntasir hapa sijui kwa nini inakubali ila inakubali msiguse*. Karatasi hiyo ilikuwa ya Muntasir, kijana mpole wa miwani aliyekuwa akiongoza darasa tangu muhula uanze. Nikageuza ya pili. Ilikuwa ya binti anayeitwa Bernadeta, na mstari wa kumi na moja ulisema: *mie Muntasir hapa sijui kwa nini inakubali ila inakubali msiguse*. Ya tatu ilikuwa ya Asifiwe. Naye alikuwa Muntasir. Walikuwa Muntasir wanane.

"Saba wamedesa, mmoja amewadesesha," alisema Mwalimu Apolinari. "Sifuri nane. Mwaka huu Mungu kaniletea kazi nyepesi."

Kwa utaratibu wa chuo, mtu hapewi sifuri ya udanganyifu bila kusikilizwa. Ijumaa tukaketi kwenye chumba cha mikutano: Dokta Eliaichi mbele, Mwalimu Apolinari kulia kwake, mimi kushoto nikiandika muhtasari. Wanafunzi wanane wakaingia, wakatoa shikamoo zao kwa zamu, wakakaa. Wa mwisho kuingia alikuwa Chausiku, msichana mfupi wa Mtoni Kijichi, ambaye darasani sikumbuki kama nilishawahi kuisikia sauti yake. Kwapani alibeba kitu kikubwa kilichokunjwa. Akakikunjua juu ya meza. Lilikuwa bango letu, amelibandua mlangoni na gundi yake.

Dokta Eliaichi akaeleza kosa. Akauliza kama kuna anayekana.

"Hatukani, Dokta," alisema Chausiku. "Tulisaidiwa. Muntasir alitutumia kwenye simu kabla ya testi, maana swali lenyewe lilikuwa kwenye mazoezi ya wiki ya tatu. Kila kitu kweli."

"Basi mmekiri."

"Tumekiri, ndiyo. Sasa tunaomba C zetu."

Mwalimu Apolinari akacheka peke yake, halafu akaacha.

Chausiku akaweka kidole kwenye bango. "Hapa pameandikwa, kiwango cha pili: anaweza kuandika programu ndogo inayofanya kazi, kwa msaada. Programu tuliandika, ziko mbele yenu. Zinafanya kazi, Mwalimu mwenyewe amezijaribu. Msaada tumepata. Ningeomba kujua, pameandikwa wapi kwamba msaada uwe wa nani?"

Nyuma ya ukuta mafundi wakawasha mashine, taa zikafifia, zikarudi.

"Na kuhusu Muntasir," aliendelea, "yeye ameandika bila msaada, halafu amewasaidia wenzake saba wafikie kiwango cha pili. Hicho ni kiwango cha nne kama kilivyo. Tunaomba A yake."

Wote tukamtazama Muntasir. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka miwani inataka kudondoka. "Mie siombi A, Dokta," alisema. "Mie naomba kwenda nyumbani."

"Huyu binti ana ndugu mwanasheria?" Mwalimu Apolinari aliniuliza kwa kunong'ona.

"Mama yangu mdogo anachapa hukumu mahakamani, Mwalimu," alijibu Chausiku, aliyekuwa amesikia. "Ananiambiaga watu wanashinda kesi kwa neno lililosahauliwa."

Dokta Eliaichi aliisoma sentensi ile kimya, akaisoma tena kwa kusogeza midomo, kisha akauliza bila kuinua macho, "Nani aliandika hii?"

Nilinyoosha mkono kama mtoto wa darasa la tatu.

Wanafunzi wakatolewa nje. Mwalimu Apolinari akashika msimamo wake: wizi ni wizi hata ukiuwekea bango. Dokta akakubaliana naye, lakini akamkumbusha kwamba viwango vile vilishakwenda kwa wakaguzi vikiwa na saini yake, na Jumanne ijayo mkaguzi angekaa kwenye kiti kilekile akiuliza swali moja tu, kama tunavifuata. Tukivifuata, wadanganyifu wanafaulu. Tusipovifuata, chuo kinaandikiwa kwamba kinachapa mabango ya mapambo. Na Chausiku, alisema, hakuonekana mtu wa kushindwa kumtafuta mkaguzi kwenye korido.

Nilikuwa nalitazama neno la kwanza la sentensi yangu. Aibu inafundisha kusoma.

"Tumeandika 'anaweza'," nikasema. "Hatukuandika 'aliwahi kuleta'. Mtu anayeweza leo, kesho bado anaweza. Basi waje waonyeshe. Swali jipya, mbele yetu, msaada ruhusa. Muntasir awasaidie kama anavyopenda, kwa mdomo, ila haruhusiwi kugusa kompyuta ya mtu wala kumtumia kitu. Wakiandika, wanajimudu. Naye akiwafikisha, ni mbobezi. Tutakuwa tumefuata waraka neno kwa neno."

"Na wakishindwa?" aliuliza Mwalimu Apolinari.

"Kiwango cha kwanza. Sapu."

Akaanza kutabasamu taratibu. "Jumamosi nina nafasi," alisema.

Chausiku alipoelezwa akaomba aandikiwe na kusainiwa. Tukamwandikia.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa wote maabara. Swali lilikuwa lilelile limegeuzwa: kompyuta ipewe saa ya kimataifa, ijibu saa ya Kiswahili. Nilidhani ni rahisi. Muntasir naye alidhani hivyo, maana alisimama mbele ya wenzake na kuwaambia wasiwe na wasiwasi, walichotakiwa ni kuchukua mstari wake wa kumi na moja na palipo na kujumlisha waweke kutoa.

Wakaweka. Bernadeta akajaribu saa moja ya kimataifa, ambayo mtoto yeyote wa Temeke atakwambia ni saa saba usiku. Kompyuta ikajibu: saa hasi tano.

Mwalimu Apolinari alikuwa amevuta kiti katikati ya maabara kama mtu aliyelipa kiingilio. "Saa hasi tano ndiyo saa ngapi?" aliuliza.

"Labda ni jana, Mwalimu," alisema Bernadeta.

Muntasir akawaambia wabadilishe ishirini na nne iwe kumi na mbili. Ikawa saa hasi tano tena. Akawaambia waongeze mabano. Kompyuta ya Asifiwe ikajizima. Mafundi walikuwa wameanza kazi. Ikawaka, ikawa imepoteza kila kitu, Asifiwe akaanza upya bila kulalamika, na alipofika mstari wa saba ikajizima tena. Mwalimu Apolinari akatoka kwenda kuwaomba mafundi wapumzike saa moja. Akarudi na jibu kwamba wana geti la mtu wa Msasani linalotakiwa leo, ila wamekubali kupumzika akiwanunulia soda. Akawanunulia. Nilishangaa, maana alikuwa upande wa mashtaka.

Aliporudi, Muntasir alikuwa amekaa chini, miwani mkononi.

"Sema ukweli," nilimwambia. "Ule mstari uliutoa wapi?"

"Kwenye mtandao, madam. Niliujaribu ukakubali. Ndiyo maana niliandika msiguse."

"Hukujua unafanya nini?"

"Nilijua kwamba unakubali."

Wenzake wakamtazama kama abiria wanaoambiwa na dereva kwamba naye ni mgeni wa njia hiyo. Muhula mzima walikuwa wakimtegemea. Mwenye huzuni zaidi alikuwa yeye mwenyewe, nikamhurumia, kwa sababu alama zake zote zilikuwa za kweli na bado hakuwa na cha kusema.

Chausiku ndiye aliyesimama. Hakwenda kwenye kompyuta. Alitazama saa ya ukutani, akaanza kuvuta viti. Alipanga viti kumi na viwili kwenye duara katikati ya maabara, na cha kumi na mbili kilikuwa kile ambacho Mwalimu Apolinari amekikalia.

"Mwalimu, samahani, usinyanyuke," alimwambia. "Asifiwe, kaa kiti cha moja. Wewe ni saa moja usiku ya wazungu. Sasa rudi nyuma viti sita, maana siku yetu inaanza jua likitoka, wao wanaanza usiku wa manane, tumepishana saa sita."

Asifiwe akarudi nyuma, akimpita Mwalimu Apolinari kwa heshima, akahesabu, akafika kiti cha saba.

"Saa saba," alisema Asifiwe, kama mtu aliyeokota kitu.

"Umetoka kwenye moja ukaenda kumi na mbili. Hukwenda kwenye hasi. Kwenye duara hakuna hasi. Kompyuta haijui kwamba ni duara, inadhani ni barabara inanyooka, ndiyo maana inatupeleka jana. Kwa hiyo ikienda chini ya sifuri, tunaiambia ongeza kumi na mbili. Ikizidi kumi na mbili, tunaiambia toa kumi na mbili. Ule mstari wa Muntasir unafanya hivyohivyo kwa ishirini na nne, unatupa siku nzima unabakiza kilichobaki. Basi."

Wakazunguka viti wote. Bernadeta alikuwa saa kumi na tisa, akatoka akiwa saa moja usiku. Muntasir mwenyewe aliomba awe saa sita asubuhi ya kimataifa, akarudi viti sita kutoka kiti cha sita, akajikuta amesimama mbele ya Mwalimu Apolinari.

"Hesabu inaniambia sifuri," alisema Muntasir. "Ila hapa amekaa Mwalimu."

"Kwa hiyo mimi ndiye sifuri," alisema Mwalimu Apolinari.

"Kwa kompyuta ndiyo, Mwalimu," alisema Chausiku. "Kwa sie wewe ni kumi na mbili."

Sikuweza kumtazama. Lakini nilisikia kiti kikilia, na nilipogeuka alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, na kalamu moja ilikuwa imedondoka.

Walirudi kwenye kompyuta. Waliandika kwa shida, kila mtu kwa njia yake, mwingine kwa mistari mitano, Bernadeta kwa mistari thelathini kwa sababu aliandika kila saa peke yake, kwa mstari wake. Chausiku alimaliza yake kwanza, akazunguka nyuma yao na mikono ameifunga mgongoni, asije akaambiwa amegusa. Muntasir alimwita mara mbili. Mara ya pili nilimsikia akimwambia, "Ngoja, usiniambie, nimeshaona."

Mwalimu Apolinari akaja akasimama pembeni ya Chausiku. "Wewe unajua haya tangu lini?"

"Tangu wiki ya nne, Mwalimu. Huwa nayatafuta mwenyewe nyumbani."

"Sasa kwa nini ulidesa?"

Chausiku akasita. Yule wa Ijumaa, aliyetusomea bango kama hakimu, hakuwepo. "Sikuwa na hakika," alisema. "Na kuuliza niliogopa. Mwalimu siku ya kwanza ulisema humu darasani kuna wanaojua na wasiojua, na utawatambua kwa maswali yao. Mie nikaona nikiuliza nimeshajitaja. Yake Muntasir nilijua ni sahihi, yangu nilikuwa nadhani tu."

Mwalimu Apolinari akavuta kiti. Alikaa kwenye kompyuta iliyokuwa wazi, akaufungua ule mstari wa kumi na moja, akautazama muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini lakini niliisikia, "Hebu nielezee tena pale pa kilichobaki. Mimi huwa nawaambia wakariri."

Akamwelezea.

Kufikia saa saba mchana, ya Kiswahili, programu saba kati ya nane zilikuwa zinafanya kazi. Ya Asifiwe haikumalizika. Mafundi walikwisha kunywa soda zao, wakawasha mashine tena. Tulikaa na Mwalimu Apolinari tukajaza fomu, na safari hii hakubishana na waraka, aliufuata kwa kidole. Bernadeta na wenzake wanne: kiwango cha pili. Chausiku aliandika bila msaada na kuwasaidia wenzake: kiwango cha nne. Asifiwe: cha kwanza, sapu. Tulimpa nafasi ya kurudia wiki ile ile, akakataa, akasema anataka muda wa kuzoea.

Akabaki Muntasir. Alikuwa amesimama mlangoni, bango likiwa limerudishwa nyuma yake.

"Na mie niko wapi?"

Nikapitia waraka, nikijua jibu na kulichukia. Aliandika programu, ikafanya kazi, alisaidiwa na Chausiku. "Cha pili," nikamwambia. "C."

Akalisoma bango mwenyewe kuhakikisha. "Sawa," alisema. Halafu akasema, "Madam, hii ndiyo ya kwanza ambayo nikiulizwa naweza kusema kitu."

Kuhusu kosa la testi, wote wanane waliandikiwa onyo, na testi yenyewe ikafutwa. Dokta Eliaichi alisema onyo halikutajwa kwenye viwango kwa hiyo haliwezi kupingwa navyo. Chausiku alikubali hoja hiyo.

Jumanne mkaguzi akaja. Aliitwa Bwana Benedikto, mtu mnene mtaratibu, mwenye mkoba wa ngozi na kikohozi. Alisoma fomu zetu zote, akaomba kuzungumza na mwanafunzi mmoja yeyote, na kwa bahati aliyepita korido wakati huo ni Muntasir.

"Uko kiwango gani kwenye Programu?"

"Cha pili, mzee."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu kabla ya Jumamosi nilidhani niko cha nne."

Dokta Eliaichi akafumba macho. Lakini Bwana Benedikto aliandika jibu lile lote kwenye daftari lake, akalipigia mstari, akauliza Jumamosi kulikuwa na nini. Akaelezwa, na viti vyote, na saa hasi tano. Alikohoa sana, baadaye nilitambua kwamba sehemu ya kikohozi ilikuwa kicheko.

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili. Tulifaulu. Ilisema somo letu lina ushahidi wa viwango kutumika kwa vitendo, na ikatoa maelekezo matatu: tufafanue msaada ni wa nani na wa namna gani, tufafanue wenzake ni wangapi, na tufafanue programu "ndogo" ni ndogo kiasi gani, kwa kuwa mkaguzi ameona moja ya mistari mitano na nyingine ya mistari thelathini, zote zikiitwa ndogo. Dokta Eliaichi alinipongeza mbele ya kikao, kisha akanikabidhi masomo mengine matano. Mwalimu Apolinari alijitolea tufanye pamoja, na hakuna aliyemshurutisha. Chausiku naye aliomba kwa barua awe anapitia maneno kabla hayajachapwa. Dokta alimkatalia Jumatatu, akamkubalia Alhamisi.

Asifiwe alifanya sapu yake mwezi wa Septemba, chuo kikiwa karibu kitupu. Mimi ndiye niliyesimamia. Alikaa dirishani na saa ya ukutani nyuma yake, akachora duara kwenye karatasi, akaandika programu yake polepole bila kuniita hata mara moja, ingawa msaada uliruhusiwa. Ilifanya kazi mara ya tatu. Nikamjazia kiwango cha tatu, akaishika fomu, akasoma kimya.

"Madam, cha nne kinataka niwasaidie wenzangu," alisema. "Sasa mbona humu nipo peke yangu?"

Nilikuwa na barua ya Dokta mbele yangu iliyotaka tafsiri ya neno "ndogo" kabla ya saa kumi. Nikaifunga. Nikamwambia asubiri, nikampigia Bernadeta aje, maana yeye bado alikuwa anaandika kila saa peke yake.